Maneno Madogo Yafuatayo Vitendo vya Kiingereza

Leo nataka kusema nanyi habari ya maneno madogo mno ya Kiingereza, kama "to", "for", "on" na "after". Ni madogo kama siafu. Nanyi mwajua ya kuwa siafu wakiingia zizini usiku, ng'ombe hawalali.

Tuseme kijana mmoja ni mpagazi wa Mlima Meru. Amepanda na wageni kutoka lango la Momella, wamelala Miriakamba, na siku ya pili wamefika kibanda cha Saddle. Mgeni avua koti lake zito, aliweka juu ya jiwe, amwambia kijana, "Look after it." Shuleni kijana alifundishwa ya kuwa "look" ni kutazama, na "after" ni baada au nyuma. Basi atazama nyuma ya koti, haoni kitu, aenda zake jikoni kuota moto. Upepo walichukua koti. Kumbe mgeni alisema, Litunze! Na usiku wa manane watu huondoka kwenda kileleni, kupita mita 4,500, katika baridi ya kuumiza mifupa. Asiye na koti atakwendaje?

Kosa si uvivu wa kijana. Sisi tuna kitendo chake kwa kila jambo (vitabu vya siku hizi hukiita kitenzi): litazame, litafute, litunze. Lile "li" la koti hukaa ndani ya kitendo, wala halitoki. Mwingereza asema "look at it", "look for it", "look after it". Kitendo ni kilekile. Neno dogo ndilo ligeuzalo maana yote. Kwa hiyo mwanafunzi asijifunze "look" peke yake. Ayaandike maneno mawili pamoja daftarini, kama neno moja.

Sasa sikilizeni jambo gumu zaidi. Koti lilelile, mgeni akitaka ulivae, atasema "Put it on". Hasemi "Put on it". Lakini husema "Look after it", wala si "Look it after". Mbona "it" mara iko katikati, mara iko mwisho? Wanafunzi wangu huniuliza hivyo kila mwaka. Nami huwaambia, jaribuni kwanza kwa jina kamili. Mwaweza kusema "put on the coat", na mwaweza kusema "put the coat on". Jina laweza kuruka mbele ya neno dogo. Penye ruhusa hiyo, "it" hulazimika kukaa katikati. Lakini "look the coat after" hakuna asemaye. Basi "it" nayo hubaki mwisho. Kadhalika "take it off", yaani livue, na "sit on it", yaani likalie.

Nirudi kwa watu. Nilipokuwa kijana niliandika katika daftari langu la hesabu, "Explain me this sum." Mwalimu wangu aliipiga mstari mwekundu, nami nikaona nimeonewa, maana nilijua "tell me" na "give me" ni sahihi. Kwetu ni niambie, nipe, niulize, nieleze. "Ni" hukaa mahali pamoja daima. Kiingereza chasema "tell me", "give me", "ask me", bila "to". Lakini "explain to me", "describe to me", "suggest to me". Hivi vitatu vya mwisho asili yake ni Kilatini, na vitendo vingi vya asili hiyo hudai "to" mbele ya mtu. Ila msiitegemee kanuni hii mno. "Say" ni neno la kale la Kiingereza chenyewe, nalo husemwa "say to me".

Tena tunayo "ia" yetu, ifanyayo kazi nyingi. Babu akimwambia mjukuu, "Niandikie barua," huenda ataka kupelekewa barua, au huenda hajui kuandika, ataka aandikiwe. Sisi twafahamu kwa hali ya msemaji. Mwingereza huweza kutenga kwa neno dogo: "write to me" ni ya kwanza, "write for me" ni ya pili.

Na Kiswahili huruhusu kipokezi kimoja tu ndani ya kitendo: nilimpa, au nilikitoa, hakuna "nilikimpa". (Jirani zetu Wachaga wa Vunjo huweza kuingiza viwili na zaidi, nawaonea wivu.) Mwingereza huviweka vyote viwili nje: "I gave it to him."

Haya si mambo ya kupendeza walimu tu. Mtoto wetu wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili. Afikapo sekondari huulizwa karibu kila somo kwa Kiingereza. Na hapa Arusha pana makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake wa mwaka 1999 ulikifanya Kiingereza lugha yake rasmi.

Sasa, wanafunzi, twaeni kalamu. Andikeni kwa Kiingereza: Nilimpa mpagazi koti. Alilitunza. Usiku alinirudishia, nikalivaa. Mkiisha, badilishaneni madaftari, msahihishane. Kwa herini.