Mitambo ya Kuhesabu Kura na Ulinzi wa Sheria

Mazungumzo kwa Wajumbe wa Vyama vya Msingi, Holili



Mkulima apelekaye kahawa chamani haridhiki kwa kuutazama mshale wa mizani tu. Hudai stakabadhi, nayo humtetea siku malipo yajapo pungufu. Kura ni ngumu zaidi, kwa kuwa ni ya siri, na aliyeipiga hawezi kudai iliyo yake atolewe aione. Kwa sababu hiyo sheria inayoruhusu mitambo ya elektroniki katika uchaguzi yapasa kuwa kali kuliko kanuni za ghala.

Mfano uko ng'ambo tu ya mpaka. Tarehe 4 Machi 2013 majirani wa Taveta walipiga kura pamoja na Wakenya wenzao. Mashine za kutambua wapiga kura zilikwama katika vituo vingi, na mfumo wa kupeleka matokeo nao ukashindwa, hata fomu zikabebwa kwa mkono hadi Nairobi. Baadaye, mwaka 2017, sheria ya uchaguzi iliongezewa kifungu kinachotaka pawepo utaratibu wa akiba endapo mitambo itashindwa.

Lakini akiba peke yake haikutosha. Katika uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017 mshindi wa urais alitangazwa ilhali fomu za vituo vingi hazijafika. Mahakama ya Juu iliamuru walalamikaji waruhusiwe kukagua kompyuta za Tume; amri hiyo haikutimizwa ipasavyo. Tarehe 1 Septemba, majaji 4 kwa 2, uchaguzi wa urais ukafutwa, na ukataaji ule ukahesabiwa dhidi ya Tume. Mwaka 2022 Tume iliweka wazi picha za fomu za vituo, na yeyote aliyejua kujumlisha akajumlisha mwenyewe. Hapo mtambo ulifanya kazi yake halali: kuichukua karatasi haraka, wala si kuchukua nafasi yake.

Ujerumani ilikuwa imekwenda mbali zaidi. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ilizikataa mashine zilizotumika mwaka 2005, kwa kuwa raia asiye fundi hakuweza kuhakiki hesabu.

Nchini Tanzania, mashine za alama za vidole zilitumika kuandikisha wapiga kura kwa ajili ya uchaguzi wa 2015, lakini kura imebaki ya karatasi, ikihesabiwa kituoni mbele ya mawakala. Hilo ni jema. Ugumu uko katika Ibara ya 41(7) ya Katiba, izuiayo mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais baada ya Tume kumtangaza mshindi. Mtambo ukiingizwa katika hesabu hiyo na kukosea, hakuna jaji nchini wa kuamuru ufunguliwe. Wanaotaka mashine, basi, waanze na ibara hiyo. Maana leo hata wakala mwenye fomu iliyotiwa saini mkononi hana mahakama ya nyumbani ya kuipelekea.