Gharama ya Endoskopi kwa Mgonjwa wa Bahi

Endoskopi, kipimo cha kupitisha mpira mwembamba wenye kamera kooni hadi tumboni, hailipiwi mara moja. Ada ya kipimo ni mwanzo tu. Daktari akichukua kinyama cha kupeleka maabara, uchunguzi wake huwa na bei yake. Dawa ya usingizi nayo vivyo hivyo. Mgonjwa wa wilaya ya Bahi huongeza nauli ya kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma mjini. Kwa kuwa hutakiwa kukaa bila kula kwa saa 6 au zaidi, na akipewa dawa ya usingizi hapaswi kurudi peke yake, huenda akalazimika kulala mjini na msindikizaji. Gharama hiyo haiandikwi kwenye risiti ya hospitali, nayo humuumiza sana mkulima wa mpunga wa Bahi.

Bima nayo haikufika huko: Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa wa 2018, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, uliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Benjamin Mkapa iko ngazi ya juu yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 itapimwa kwa jinsi itakavyomfikia mgonjwa wa ngazi hiyo. Kwa sasa, mgonjwa aulize bei yote, pamoja na ya kinyama, kabla ya kupanda gari.