Kuhesabiwa Si Kodi, Ni Haki Yetu

Hotuba kwa ndugu waliokusanyika Kindu



Leo tumekuja na swali moja. Sisi watu wa Maniema ni wangapi? Kila mtu ana jibu lake, wala hakuna awezaye kulithibitisha.

Kwanza tuitazame nchi yetu. Maniema ilitengwa na Kivu ikawa jimbo mwaka 1988. Eneo lake lapita kilometa za mraba 130,000. Ina teritwari 7: Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia. Tena uko mji wetu wa Kindu wenye komini 3: Kasuku na Mikelenge ng'ambo moja ya mto, Alunguli ng'ambo ya pili. Chini ya teritwari ziko sekta na sheferi, halafu makundi ya vijiji, halafu vijiji. Mfano Lubutu ina sekta mbili, Bitule na Obokote.

Sasa sikilizeni sana. Teritwari ni kubwa, lakini kwa sheria ni ofisi ya Leta tu. Katiba ya mwaka 2006 imetoa haki ya kujiendesha kwa mji, komini, sekta na sheferi. Na sheria ya mwaka 2008 yasema kwamba katika fedha za taifa zinazopewa jimbo, asilimia 40 ni haki ya hao wanne. Zigawanywe kwa kutazama uzalishaji, ukubwa wa eneo na idadi ya watu. Basi asiyehesabiwa anapunguza fungu la sekta yake: fungu la daraja, la zahanati na la shule.

Lakini hesabu ya watu wa nchi nzima ilifanywa mwaka 1984, hata kabla Maniema haijawa jimbo. Ilipotimia miaka 40, mwaka 2024, ilikuwa haijarudiwa. Viti vya Bunge navyo hugawanywa kwa hesabu ya walioandikwa kupiga kura, na watoto hawamo.

Tunajua kwa nini wengine huogopa daftari. Wabelgiji waliwahesabu wazee wetu ili watoe kodi na walime pamba kwa lazima. Kwa amri ya mwaka 1933 vikundi vidogo vilikusanywa katika sekta ili vitawalike kwa urahisi. Daftari lile lilikuwa la bwana, na mtu aliyelikimbia hatumlaumu. Daftari la leo ni letu, nasi tukilikimbia tunajinyima wenyewe.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. La kwanza, mtoto akizaliwa aandikishwe kabla ya siku 90 kupita. Katika muda huo sheria yasema ni bure. La pili, kila kijiji kiweke daftari la waliozaliwa, waliokufa, waliokwenda machimboni na waliorudi. La tatu, nendeni kwa mkuu wa sekta au sheferi mkamwulize kwa heshima: fungu letu la mwaka huu ni kiasi gani, nalo limefanya kazi gani?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu, na watu ni zaidi ya mali. Tukirudi nyumbani, kila mmoja aanze na watoto wake.