Jirani Anapotaka Nyumba

Leo tutazungumza juu ya jambo linalowapa madiwani kazi ngumu. Wilaya jirani imetengeneza mpango wake wa nyumba, kisha inaleta barua kuuliza, "Ninyi mnasemaje?" Wengi hudhani barua hiyo ni ya adabu tu, maana kila mtu ana mpaka wake. Sivyo. Tuutazame mji wa Oxford, huko Uingereza.

Oxford una chuo kikuu cha zamani sana, tena una kiwanda cha motokaa. Kazi zipo, lakini mahali pa kujenga ni haba. Mito Thames na Cherwell hufurika kandokando ya mji. Kisha mji umezungukwa na ukanda wa kijani, yaani ardhi iliyoachwa wazi ili mji usitambae ukameza vijiji. Mwaka 1955 Serikali ya Uingereza ilizihimiza halmashauri kuweka mikanda ya namna hiyo. Nje ya mpaka wa mji ziko wilaya nne, kila moja na halmashauri yake: Cherwell, West Oxfordshire, Vale of White Horse, na South Oxfordshire.

Basi nyumba za mjini zikawa ghali mno. Muuguzi na dereva wa basi wanaofanya kazi mjini hulazimika kutafuta makao mbali. Je, ni nani atakayewajengea?

Sheria ya mwaka 2011 ilizitaka halmashauri za Uingereza zishirikiane katika mambo ya mipango yanayovuka mipaka. Haikuzilazimisha kukubaliana. Ilizitaka zizungumze kwa dhati, na mapema, kabla mpango haujafika kwa mkaguzi.

Mwezi wa Septemba 2016 halmashauri hizo zilikaa pamoja. Hesabu ilionyesha kwamba nyumba kama 15,000 zilizohitajiwa na Oxford hadi mwaka 2031 hazingeweza kuenea mjini. Zikagawanywa hivi: South Oxfordshire 4,950, Cherwell 4,400, West Oxfordshire 2,750, Vale of White Horse 2,200, na mji wenyewe 550. South Oxfordshire ilikataa kutia sahihi. Haikuridhika kwamba mji umekwisha tumia ardhi yake yote ipasavyo.

Je, ilikosa? Kukataa si kosa. Watu wa vijijini walikuwa na hofu ya haki juu ya barabara zilizojaa magari, shule, na mashamba yao. Lakini muuguzi naye alikuwa na haki ya kupata makao, na haja ya nyumba haikutoweka kwa sababu sahihi haikutiwa.

Mwaka 2018 halmashauri zote za jimbo, South Oxfordshire ikiwamo, zilipatana na Serikali kuandaa mipango ya nyumba 100,000 kati ya miaka 2011 na 2031, nazo zipewe paundi milioni 215. Mwaka uliofuata South Oxfordshire ilipeleka mpango wake kwa mkaguzi, na zile 4,950 zimo ndani. Mwezi wa Mei 2019 ukafika uchaguzi, na uongozi wa halmashauri ukabadilika. Mwezi wa Oktoba madiwani walitaka kuuondoa mpango. Waziri Robert Jenrick akawazuia, na mwezi wa Machi 2020 akawaamuru waendelee na kuupitisha kabla ya mwisho wa mwaka. Tarehe 10 Desemba 2020 baraza lile lile lililotaka kuuondoa mpango likaupitisha.

Mji nao haukusalimika. Mwezi wa Septemba 2024 wakaguzi waliamua kwamba Oxford, katika mpango wake mpya, haikutimiza wajibu wa kushirikiana na majirani. Ndiyo kusema, mwombaji ana wajibu sawa na mwombwaji. Majirani wasiposikilizana, mtu wa mbali huja kuwaamulia.

Basi barua ya namna hii ikifika katika baraza lenu, fanyeni mambo matatu.

Kwanza, ulizeni hesabu: haja imehesabiwaje, na jirani ametumia ardhi yake kiasi gani?

Pili, waendeeni wananchi mapema. Msiwaulize tu, "Mnataka au hamtaki?" Waulizeni pia, "Zikijengwa, zijengwe wapi? Maji, barabara na shule zitatoka wapi?"

Tatu, jibuni kwa maandishi na kwa sababu. Mkikataa nyumba elfu, semeni mnaweza kupokea ngapi. Neno "hapana" peke yake halimsaidii mkaguzi, wala haliwalindi ninyi.

Wazee walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mpango wa jirani ndio wembe unaokuja. Anayetia maji mapema hupata nafasi ya kusema anyolewe vipi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Ni mambo gani katika wilaya yenu yanayovuka mpaka: maji, barabara, soko, au makao ya wafanyakazi?

2. Kama mngekuwa madiwani wa South Oxfordshire mwaka 2016, mngejibu nini?

3. Je, ilikuwa haki Waziri kuwaamuru watu waliochaguliwa? Toeni sababu za pande zote mbili.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.