Mgeni Anapoomba Uraia: Wajibu Wetu wa Kumsaidia Kisheria

Mada kwa viongozi wa Halmashauri ya Walei na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo



Jambo tulilokusanyika kulitafakari, sisi wakazi wa mwambao wa Ziwa Viktoria hatuwezi kulikwepa. Ziwa letu limegawanywa kati ya nchi tatu, lakini samaki na undugu havijui mpaka. Katika visiwa vya Ukerewe, katika mialo ya Sengerema na hapa mjini Mwanza, tunaishi na watu ambao wenyewe au wazazi wao walitoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo. Tunasali pamoja nao na kuzikana nao. Lakini siku wanapodaiwa karatasi, wengi wao hukosa la kujibu.

1. Chanzo cha tatizo

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, haikutosha kuwa umezaliwa nchini. Ilitakiwa pia mzazi wako mmoja awe amezaliwa nchini. Waliokosa sifa hiyo walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Kibarua asiyejua kusoma angeipataje habari hiyo? Ndiyo sababu leo mjukuu anadaiwa karatasi ambayo babu yake hakuichukua.

Wala tusidhani kwamba suala hili ni la wanyonge peke yao. Mwaka 2001 Serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwanahabari aliyepata kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, si raia. Ikiwa mtu wa namna hiyo alifikwa na hayo, mvuvi wa kisiwani atajiteteaje? Mwaka 2013, operesheni ya kuwaondoa wahamiaji haramu ilipopita Kagera, Kigoma na Geita, walikumbwa hata watu waliokwisha kuishi huko miaka mingi.

Hata hivyo, nchi yetu imepata pia kufungua mlango. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, waliokuwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walipewa uraia, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Walikuwa zaidi ya 160,000.

2. Sheria yasemaje

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inataja njia tatu: kuzaliwa, kurithi na tajnisi. Mwombaji wa tajnisi awe mtu mzima aliyeishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, awe ameishi nchini jumla ya miaka isiyopungua saba. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza, mwenye mwenendo mwema, na mwenye nia ya kukaa daima. Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania ana utaratibu wake. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana upendeleo huo. Maombi hupitia Idara ya Uhamiaji na kuamuliwa na Waziri.

3. Kwa nini mwanasheria ahitajike

Kwanza, Waziri halazimiki kutoa sababu za kukataa, na sheria haitoi nafasi ya rufaa mahakamani. Kwa hiyo maombi yapaswa kuwa kamili tangu mwanzo.

Pili, anayeomba tajnisi anakiri kwamba si raia. Huenda mama yake alikuwa Mtanzania, naye ni raia tayari asijue! Jambo hili lichunguzwe kabla ya kujaza fomu, kwa maana uraia wa tajnisi waweza kufutwa ikiwa ulipatikana kwa udanganyifu.

Tatu, asiye na kibali cha kuishi nchini yumo hatarini kushtakiwa. Apate ushauri kabla ya kujipeleka ofisini.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa, pamoja na wasaidizi wa kisheria walio karibu na wananchi. Msaada huo kwa asiye na uwezo ni bure. Msaidizi wa kisheria si wakili, lakini aweza kuelekeza na kufungua njia. Vishoka wanaoahidi cheti kwa siku tatu tuwaepuke: huchukua fedha za maskini na kumwachia kosa la jinai.

4. Wajibu wetu

Daftari la ubatizo laweza kuonyesha mtu alizaliwa wapi na wazazi wake ni nani. Si hati ya uraia, lakini ni ushahidi wa maana. Basi litunzwe, na nakala itolewe kwa ukweli. Tusiongeze jina wala kubadili mwaka hata kwa huruma, kwani uongo ukigunduliwa, anayeumia ni yule yule tuliyetaka kumwokoa. Mwenyekiti wa Jumuiya anayeandika barua aandike anayoyajua tu. Aidha, tusitumie neno "mgeni" kama silaha katika ugomvi wa shamba au wa uchaguzi. Kumchongea jirani kwa husuda ni dhambi dhidi ya haki.

Papa Yohane wa XXIII, katika Pacem in Terris ya mwaka 1963, alifundisha kwamba kuhama na kutafuta makazi ni haki ya binadamu. Serikali ina wajibu wa kulinda mipaka. Sisi tuna wajibu wa kuhakikisha kwamba ndugu yetu anafika mbele ya sheria akiwa ameandaliwa, akisema kweli, na asiwe peke yake.

Tunapendekeza kila parokia iteue watu wawili wa kushughulikia jambo hili, nao waanze kwa kuwatambua watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa katika wilaya yao.