Mana ya Siku ya Sita

Somo: Kutoka 16:16-30



Wazee husema akiba haiozi. Lakini katika somo letu twasikia habari za akiba iliyooza. Wana wa Israeli waliagizwa waokote mana ya siku moja tu. Wengine wakabakiza hadi asubuhi, ikaingia mabuu na kunuka. Ilipofika siku ya sita, Mungu yule yule aliwaamuru waokote mara mbili, na waliyoiweka haikuharibika. Kwa nini? Kwa sababu siku ya saba mana haikushuka.

Hapa Kisumu na kando ya ziwa, wengi wetu hula kwa kazi za mkataba na vibarua. Fundi humaliza nyumba moja, wala hajui nyingine itaanza lini. Mvua za masika zikishika, ujenzi husimama. Ndugu zetu wavuvi wa omena hutegemea giza. Mwezi ukiangaza, taa zao hazivuti samaki, na mitumbwi hulala ufukoni. Hizo ndizo siku zetu za saba, nazo zinajulikana kabla hazijafika.

Wako Wakristo wasemao kwamba kuweka fedha ni kukosa imani, kwa kuwa Bwana alitukataza kusumbukia kesho. Lakini kusumbuka si kujiandaa. Aliyewalisha watu jangwani ndiye aliyewaagiza waweke.

Basi, tuweke kiasi gani? Waisraeli walipimiwa pishi moja kwa kila mtu, na siku ya sita pishi mbili. Kipimo kilifuata idadi ya watu hemani na siku isiyo na mana. Nasi tufanye vivyo hivyo. Kwanza, mume na mke waketi pamoja, wahesabu nyumba yao hutumia nini kwa siku: unga, mboga, mafuta, maji, pamoja na kodi na karo zikigawanywa kwa siku. Pili, wakumbuke mwaka uliopita walikaa siku ngapi mfululizo bila kazi. Kisha wazidishe.

Tuseme nyumba hutumia shilingi 500 kwa siku, na ilikaa wiki 6 bila kazi. Yahitaji shilingi 21,000. Fundi wake akipata shilingi 1,000 kwa siku, na akaweka sehemu moja ya tano, kama Yusufu alivyomshauri Farao (Mwanzo 41:34), ataweka shilingi 200. Atafikia kipimo chake kwa siku 105 za kazi. Asiyeweza 200 na aanze na 50. Tena aziweke mahali atakapozipata upesi, maana zamu ya chama haifuati siku ya njaa.

Twajua hatari ya kutofanya hivyo. Kazi inapokatika, fundi huuza kwanza redio, halafu baiskeli, mwisho msumeno na randa. Mwezi unaofuata anaitwa kazini, naye hana cha kufanyia kazi. Torati ilikataza kutwaa jiwe la kusagia liwe rehani, kwani kufanya hivyo ni kutwaa uhai wa mtu (Kumbukumbu la Torati 24:6). Msumeno wa fundi na wavu wa mvuvi ndio jiwe lake la kusagia. Akiba ndiyo inayoulinda.

Nasi tunaowaajiri wengine tusijifiche. Sura iyo hiyo yatuagiza kumlipa kibarua kabla jua halijatua. Tukimzungusha mtu wiki tatu kwa malipo yake, sisi ndio tunaomla akiba.

Na kipimo kikijaa je? Tukumbuke yule tajiri wa Luka 12 aliyetaka kujenga ghala kubwa zaidi, na usiku ule ule akaitwa. Kipimo kikitimia, kinachozidi na kimfikie jirani ambaye siku yake ya saba imekuwa ndefu.

Tuombe. Ee Baba, utupe leo riziki yetu, utupe na hekima ya kuipima. Uwakumbuke wanaoamka leo bila kazi. Uwalindie vyombo vyao, na utufanye sisi kuwa majirani zao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.