Kicheko Kina Mwenyewe

Mchekeshaji anayeendesha kipindi cha televisheni hupimwa na watu kwa mambo yanayoonekana kwa macho: mara ngapi amepanda jukwaani, tuzo ngapi amepokea, sherehe ya nani ameiongoza, na ni tangazo gani la biashara linalobeba sura yake. Vipimo hivyo vina uzito wake, lakini maoni haya yanashikilia kwamba kipo kipimo kingine ambacho kamera haikioneshi, nacho ndicho kinachoamua kama msanii atazeeka na matunda ya kazi yake au atazeeka akiwa maarufu na maskini kwa wakati mmoja. Kipimo hicho ni umiliki, yaani haki ya msanii juu ya jina analojulikana kwalo, juu ya mhusika aliyemuumba, juu ya sauti na sura yake, na juu ya jukwaa lenyewe anaposimama.

Wakazi wa Tosamaganga, Kalenga na Nyanda za Juu Kusini kwa jumla wana sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili, kwa kuwa mila zao zililijua kabla televisheni haijawafikia. Utani, kwa maana yake ya kimila, ni uhusiano kati ya makabila au koo mbili unaouruhusu upande mmoja kuudhihaki mwingine bila hasira wala kisasi, na mara nyingi uhusiano huo ulizaliwa baada ya damu kumwagika. Wahehe na Wangoni, ambao walipigana kati ya mwaka 1878 na 1882, waliishia kuwa watani, na vizazi vilivyofuata vikageuza kumbukumbu ya mikuki kuwa mzaha. Msibani, mtani ana kazi inayotambulika: huiga mwendo wa marehemu, huficha jembe la wachimbaji, na hata hujilaza kaburini akikataa kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka katikati ya machozi, kisha hutoa fedha kidogo au kuku, na ndipo mazishi huendelea. Katika desturi hiyo kuna kanuni ya haki ambayo haikuandikwa popote: anayewaletea watu kicheko amefanya kazi, na kazi hiyo hulipwa pale pale, mbele ya mashahidi.

Redio na televisheni ziliibadili kanuni hiyo kimya kimya. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirusha michezo ya kuchekesha kama Pwagu na Pwaguzi, na sauti za waigizaji wake zikafahamika katika vijiji ambavyo waigizaji wenyewe hawakuwahi kuvikanyaga. Televisheni ilianza Zanzibar katikati ya miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikasubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi vilipofungua njia. Tangu hapo kicheko kikawa kitu kinachoweza kurekodiwa, kuhifadhiwa, kurudiwa na kuuzwa wakati mwenyewe amelala nyumbani kwake. Kicheko cha mtani huisha jioni ya mazishi, ilhali kilichorekodiwa huendelea kufanya kazi miaka mingi baadaye, na swali la nani analipwa kila kinaporudiwa likazaliwa siku hiyo hiyo kamera ilipowashwa.

Kundi lililolifikisha swali hili sebuleni mwa Watanzania wengi ni lile lililoanza kuonekana katikati ya miaka ya 2000 kupitia kituo cha EATV kwa jina la Ze Comedy. Ndani yake walikuwamo Lucas Mhavile, anayejulikana kama Joti, Emmanuel Mgaya, anayejulikana kama Masanja Mkandamizaji, na Mujuni Sylvester, anayejulikana kama Mpoki, pamoja na wenzao. Waliwaiga viongozi, wakaigeuza taarifa ya habari kuwa mchezo, na Joti akaingia katika mwili wa bibi kizee au wa mtoto mtundu kwa ustadi uliomfanya mtazamaji asahau kwamba anayemtazama ni mwanamume mzima. Mafanikio yao ni hatua ya kweli katika historia ya televisheni nchini, kwa sababu yalithibitisha kwamba kundi la vijana linaweza kuzikusanya familia nzima mbele ya kioo kwa Kiswahili cha mtaani, bila mapambo na bila gharama kubwa.

Hata hivyo hatua yao yenye funzo kubwa zaidi ilikuja walipohamia televisheni ya taifa, TBC1, kabla muongo huo haujaisha. Waigizaji walihama na vipaji vyao vikahama nao, lakini katika kituo kipya kipindi kilijulikana kwa jina jingine, Ze Orijino Komedi. Neno moja lililoongezwa katikati ya jina lilikuwa dai zima la umiliki, kwa maana lilikuwa linamwambia mtazamaji kwamba wale wa asili ndio hawa. Jina la kipindi ni mali inayojitegemea, iliyo mbali na watu wanaolipa uhai, na anayelitumikia kwa miaka si lazima awe ndiye anayelimiliki. Baadaye wasanii hao walipanua njia zao za riziki: Joti akatengeneza vichekesho vifupi vinavyosambaa kwa simu, na Masanja akaingia katika nyimbo za injili na katika kilimo cha mpunga mkoani Mbeya. Wapo wanaolitazama shamba hilo kama jambo la pembeni, lakini kwa hesabu ya umiliki ni hatua inayostahili kutajwa sawa na tuzo yoyote, kwa kuwa mpunga uliovunwa una mwenyewe asiyebishaniwa.

Upande wa pili wa funzo hilo, ulio mchungu, unaonekana katika maisha ya Amri Athumani, aliyependwa na taifa zima kwa jina la King Majuto. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza akiwa mtoto, na akafariki dunia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, baada ya kuchekesha watu kwa takribani miaka 60. Filamu zake ziliuzwa sokoni na kuoneshwa katika mabanda ya video na ndani ya mabasi, na sura yake ikatumika katika matangazo ya biashara. Alipougua, taifa likatambua kwa mshtuko kwamba umaarufu wa kiasi hicho haukuwa umegeuka kuwa akiba ya kiasi hicho. Dkt. Harrison Mwakyembe, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo na Mbunge wa Kyela mkoani Mbeya, aliunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii, ikiwamo ya mzee huyo. Hatua hiyo ilistahili shukrani, lakini inauma kukumbuka kwamba ilichukuliwa mwenye kicheko akiwa tayari mgonjwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali usemi huo unapotimia kwa huzuni zaidi kuliko kwenye kitanda cha msanii aliyewachekesha wote.

Nchini Kenya njia ilichukua mkondo tofauti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Redykyulass, lililoundwa na Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, lilimwiga Rais Daniel arap Moi hadharani wakati jambo hilo lilikuwa bado linatisha. Katika uwanja uliofunguliwa na kundi hilo aliingia Daniel Ndambuki, aliyezaliwa mwaka 1977 na anayejulikana kama Churchill. Katika redio ya Classic 105 alikuwa Mwalimu King'ang'i, mwenzake Maina Kageni katika matangazo ya asubuhi, na katika televisheni ya NTV akawa mwenyeji wa kipindi kilichochukua jina lake. Mwenyeji wa kipindi ni yule anayewakaribisha wengine jukwaani, anayeunganisha sehemu moja na nyingine, na anayebeba lawama onyesho linapopooza. Churchill aliifanya kazi hiyo kwa namna iliyowafungulia mlango wachekeshaji wengine wengi, miongoni mwao Eric Omondi, Chipukeezy, MCA Tricky na Mammito, na akalitoa onyesho Nairobi na kulipeleka katika miji mingine ya nchi yake. La msingi zaidi ni kwamba kipindi kiliandaliwa na kampuni yake mwenyewe, Laugh Industry, hivyo kituo kikawa mrushaji, naye akabaki mwandaaji. Wazo hilo si geni duniani, kwani mwaka 1919 Charlie Chaplin na wenzake watatu walianzisha kampuni ya United Artists nchini Marekani ili filamu zao zisitawaliwe na wenye studio.

Haki inadai upande wa vituo nao usikilizwe. Kituo hununua kamera, hulipa umeme, kodi na mafundi, na hubeba hasara kipindi kisipopendwa, na bila mnara wa kituo jina la Joti lisingevuka Mto Ruaha. Tatizo huzaliwa pale kijana mwenye kipaji anapoketi mezani akiwa na njaa na asiye na mshauri, akatia sahihi karatasi asiyoielewa kwa furaha ya kuonekana kwenye kioo kwa mara ya kwanza. Sheria za Tanzania hazikumwacha mikono mitupu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua haki za aina mbili: hakimiliki humlinda mtunzi wa kazi, na hakishiriki humlinda anayeifikisha kazi hiyo kwa watu, yaani mwigizaji, mtayarishaji wa rekodi na kituo cha utangazaji. Mchekeshaji anayejitungia na kuigiza mwenyewe anagusa haki zote mbili. Jina la kikundi au la kipindi hulindwa kwa njia nyingine, ile ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na husajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni.

Kwa hiyo kijana anayewachekesha wenzake katika mahafali ya Sekondari ya Tosamaganga, au anayeanza kuitwa emsii wa sendofu pale Ipamba na Ifunda, anahitaji kujifunza kuuliza maswali manne kabla hajatia sahihi. La kwanza ni muda: sura na sauti yake vitatumika kwa miezi mingapi? La pili ni mahali: ni kwenye televisheni peke yake, au pia kwenye redio, mabango na simu? La tatu ni marudio: kazi ikioneshwa tena, nani analipwa? La nne ni jina na mhusika: akiondoka, ataondoka navyo au ataviacha? Kamati za harusi nazo zina wajibu wake, kwa kuwa kamati inayomlipa mpishi na mwenye muziki kwa ukamilifu, kisha ikamwambia mshereheshaji asubiri michango iliyobaki, inafundisha jamii kwamba kicheko ni hisani.

Mtani aliyejilaza kaburini hakuwa na wakili wala karatasi, lakini kijiji kizima kilikuwa shahidi wake, na hakuna aliyethubutu kumfukia kabla hajalipwa. Mchekeshaji wa leo huchekwa na watu asioweza kuwaona, katika nyumba asizozijua, na kijiji cha kumshuhudia hakipo tena mbele yake. Mkataba ulioandikwa vizuri ndio unaochukua nafasi ya kijiji hicho, na kuudai ni kuirudisha kazini kanuni ambayo wazee wa nyanda hizi waliiheshimu hata siku ya msiba.